Mwalimu Kinasa na Kisa cha Dada Wawili

Jumanne, saa moja asubuhi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima alikutwa amefariki kitandani mwake. Binti yake, muuguzi, ndiye aliyemkuta. Daktari alisema ni moyo.

Wasikilizaji wapendwa, wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kinasa, kwa sababu ya kinasa sauti chake. Hakufundishia vitabu vya kununua. Mwanafunzi alisimulia maisha yake, mwalimu akarekodi, kisha akaandika kisa kile ubaoni kwa maneno yaleyale. Darasa likajifunza kusoma kwa kisa hicho. Waliosimulia ndio waliosoma.

Darasa lilikuwa ghala la zamani nyuma ya zahanati. Kelele zilikuwepo.

"Mwalimu, hicho kidude kina masikio kuliko mume wangu," alisema muuza mkaa siku moja.

"Na hakikatizi maneno, shoga," akajibiwa. "Kikuoe basi!"

Katika darasa hilo walikuwemo dada wawili wa tumbo moja. Mkubwa ni dobi. Mdogo ni mshonaji. Jioni moja dobi alibaki peke yake na mwalimu, akasimulia kifo cha mama yao. Mwalimu akamuuliza, "Niandike?" Dobi akasema, "Andika."

Mwalimu aliondoa majina. Alidhani inatosha. Kesho yake alimwita mshonaji asome, maana ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote.

Msomaji mpya husoma silabi kwanza. Maana hufika nyuma. Mshonaji alisoma kwa sauti, kidole ubaoni: "Ma-ma a-li-u-li-za, mdo-go wa-ko yu-ko wa-pi? Ni-ka-se-ma, ni-me-mwi-ta, a-me-ka-ta-a ku-ja. Si-ku-mwi-ta."

Akairudia sentensi ya mwisho, sasa bila kukata silabi. "Sikumwita." Akageuka kumtazama dada yake. Akachukua kanga yake, akatoka.

Mwalimu alijua hao ni ndugu. Hakuuliza kama mdogo anajua.

Dobi alimwambia, "Mwalimu, mimi nilidhani kuandika ni kuweka. Kumbe ni kutoa." Naye hakurudi darasani. Mshonaji alirudi, lakini hakutamka tena jina la dada yake.

Binti wa mwalimu anasema mama yake hakupona kwa jambo hilo. "Nilimwambia, mama, si wewe uliyesema uongo. Akanijibu, mimi ndiye niliyeuandika kwa herufi kubwa, nikampa mwenye kuumia ausome."

Mwalimu alikwenda kwa dobi kuomba radhi. Dobi alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Pole yako nimeisikia, mwalimu. Mdogo wangu ndiye sijamsikia."

Alikwenda tena, na tena. Kwa mshonaji vilevile. Mshonaji alimkaribisha, akampa kiti, na kila alipotajiwa dada yake aliwasha cherehani.

Tangu hapo mwalimu hakuandika kisa ubaoni kabla ya kumsomea mwenye kisa, wawili tu, na kumuuliza: "Nani hapa asisikie?" Visa vingine vilifutwa. Darasa liliendelea. Watu walijifunza kusoma. Lakini dada wale hawakusemezana, na mwalimu amefariki kabla hawajasemezana.

Kwa binti yake, kwa wajukuu na kwa darasa lote la ghalani, poleni sana. Nasi tunaokusanya maneno ya watu, wasikilizaji wapendwa, tulichukue swali lake kabla ya kufungua kinasa.

Mazishi yalikuwa jana alasiri. Mshonaji alisoma wasifu wa marehemu, bila kukwama. Dobi alisimama nje ya uzio mpaka mwisho, kisha akaondoka. Mshonaji alimfuata, akampita. Fundi viatu wa pale kona aliwaona wakipita: mdogo mbele kidogo, mkubwa nyuma. Anasema mdogo alisimama, akamngoja.