Basela Mashuani

Enzi za Mdachi, boma la serikali likiwa bado kwenye kisiwa cha Chole, nilivuka kwa mashua kutoka Utende nimeketi katikati ya watu wawili wasiojuana: Bwana Jabir, mwenye duka Kirongwe, na muuza vitumbua aitwaye Somoe. Mama huyu alikuwa anakwenda bomani kukubali mwanawe Shamte apelekwe skuli ya serikali huko mrima, pwani ya bara, akafundishwe biashara. Asipokubali siku ile, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

"Biashara haisomwi, mama," alisema Jabir. "Mlete dukani kwangu, akae, aone."

"Akae akiona mpaka lini, bwana?"

Jabir akacheka, akanunua vitumbua vitatu. Somoe akamwongezea kimoja bure. "Basela yako hiyo."

"Umeona! Mwalimu gani wa Kidachi atamfundisha hayo?"

"Hayo nitamfundisha mimi. Ya kwao ndiyo sina."

Mimi niliyekuja kusoma ukubwani, skuli ya usiku, nilimpa mama alama zote. Jabir alikuwa na jibu, ila kinywa kilijaa basela. Mashua ikagusa mchanga. Somoe akajitwika kapu lake, akashika njia ya bomani. Jabir akameza haraka, akampazia sauti: "Akirudi, aje dukani kwangu kwanza!"