Mama Alisema Anarudi Kwake

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Simu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa nne wa seremala na mkewe.

Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1969. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake: "Anauliza mno." Babu aliisoma, akacheka, akaibandika ukutani.

Januari 1971 aliajiriwa kuwa opareta wa simu hospitalini, akaikalia swichibodi miaka thelathini na mitano. Kazini walikuwa na sheria: kabla ya kumuunganisha mpigaji, mrudishie alichosema, naye akubali. Sheria hiyo aliihamishia nyumbani. Ukija unalia, habembelezi kwanza. "Umesema dada yako amekuonea. Ndivyo?" Ukikubali, ndipo mnaendelea. Jamani, tulimwona msumbufu!

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa gari la wagonjwa. Waliishi pamoja, kwa utani mwingi na ugomvi kidogo, hadi baba alipotangulia Februari 2015.

Aprili mwaka huu wa 2025 mama aligundulika kuwa na saratani ya ini. Kaka yetu mkubwa akamchukua kwake: chumba kipana, feni, muuguzi kila asubuhi. Mama akasema, "Nataka kurudi kwangu."

Kaka akamjibu, "Mama, hapa hukosi kitu." Dada akaleta mashuka mapya. Mimi kitinda mimba, mdomo wangu mnaujua, nilimhubiria nusu saa nzima. Mama akagoma kula. Siku ya tatu akagonga kikombe mezani.

"Nyie watoto! Nani ataniambia nimesema nini?"

Aibu ilitushika. Kaka akaketi kitandani. "Umesema unataka kurudi kwako."

"Ndivyo."

"Kwa nini, mama?"

"Ehee! Sasa umeuliza."

Akaeleza kwamba hataki tena kulazwa. Alitaka kufia katika chumba alimofia baba, dirisha likiwa wazi, asikie watu wakipita. Kaka akalia, akakiri kwamba kumrudisha alikuona kama kumtupa.

"Unaogopa utajiona umenitupa," mama akamwambia. "Ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Basi hujanitupa. Lete gari."

Kesho yake tulimrudisha. Aliishi wiki kumi na moja, akala, akagombana na wapita njia kupitia dirishani. Nasi tulijifunza kukaa naye bila kumkatiza, kazi iliyonitoa jasho.

Jumanne tarehe 12 Agosti, saa nne asubuhi, nilikuwa na mengi ya kumwambia. Akasema, "Nyamaza tu, mwanangu, ukae." Nikanyamaza. Nikakaa. Nilimshika mkono hadi pumzi yake ya mwisho.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na mdogo wake wa kike aliyeketi hapa mbele.

Nanyi mlio na wagonjwa nyumbani, mkitoka hapa nendeni mkakae nao. Hotuba ziacheni hapa hapa makaburini.

Mungu ampokee mama yetu, apumzike kwa amani.