Mzee Dari na Cheti Kilichopigwa Picha

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Dari, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mvua ikinyesha, wote tisa walibanana chumba kimoja, kwa kuwa cha pili kilivuja. Mimi, kitinda mimba wake, naamini huko ndiko alikojifunza kutazama juu kwanza.

Alianza shule mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Alisoma sekondari miaka miwili, kisha babu akafariki, naye akaacha masomo na kushika brashi ya kupaka nyumba rangi.

Kazi hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye udalali, mwaka 1984. Watu walimkuta juu ya ngazi wakamwuliza nyumba ipi iko wazi, naye alizijua zote. Hakumpeleka mteja kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe hajaingia mvua ikinyesha. Wenye nyumba walimkasirikia, wateja wakarudi na ndugu zao. Aliposikia mtu akisema madalali ni matapeli, kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, alinuna kutwa nzima.

Mama yetu, fundi cherehani, alikuwa mteja wake. Alipompeleka kuona chumba, mwenye nyumba akiwa amesimama pale pale, baba alisema, "Dada, hiki usichukue. Dari inavuja upande wa kitanda." Mwenye nyumba alimfukuza, mama akamchukua. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1987.

Mwaka 2019 sheria mpya ilitaka kila dalali afanye mtihani na kusajiliwa na Baraza la madalali. Baba alikuwa na miaka sitini na miwili. "Miaka thelathini na tano nawatafutia watu nyumba, leo niulizwe nyumba ni nini?" Alifeli mara ya kwanza, akatuficha wiki mbili. Mara ya pili alifaulu, na cheti akakitundika sebuleni, mahali palipokuwa na picha ya harusi. Mama alisema yake, lakini hakukishusha.

Mjukuu wake wa kike alimfundisha kutangaza nyumba kwa simu. Picha za kwanza zilikuwa dari tupu.

"Babu, watu wanataka kuona jiko!"

"Jiko halivuji, mama."

Alipozoea, alianza kuweka picha ya cheti, namba ya usajili ikionekana wazi, chini ya kila tangazo, ili watu wajue si tapeli. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na sisi tulimpongeza. Tapeli alichukua picha ile ile, akaweka namba yake ya simu, akaipangisha nyumba moja kwa familia sita. Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, zote sita zilifika mlango mmoja na magodoro yao. Ndani mlikuwa na mpangaji.

Tarehe 20 Februari, kwa malalamiko ya familia hizo, Baraza lilimwandikia ajieleze kwa nini asifutiwe usajili. Shinikizo la damu, alilokuwa nalo tangu 2015, lilipanda. Simu ikilia alishtuka. Mlango ukigongwa alituuliza, "Ni hao?" Alianguka bafuni, akafariki hospitalini Jumatatu, tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita.

Karani wa Baraza alitupigia simu. "Poleni sana. Basi shauri limekwisha, tunafunga faili." Tulikataa. Faili likifungwa bila uamuzi, baba anabaki tapeli midomoni mwa watu. Wamekubali kutusikiliza Alhamisi ijayo, tarehe 21, na hatufichi kwamba tunaogopa. Ushahidi uko kwenye simu ya mama mmoja muuguzi, mmoja wa wale waliotapeliwa: ujumbe wa tapeli, na namba isiyo ya baba. Nilipomwomba aje, alijibu, "Nitafikiria." Simlaumu, maana siku ile alilala kibarazani na watoto wake. Kama yuko hapa leo, namwomba afikirie tena.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na jina ambalo hadi tunamshusha kaburini liko mikononi mwa watu wengine. Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.