Shangazi Abandua Karatasi ya "Usizime"

Leo, tarehe 30 Juni, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini hapa hospitalini. Jina hilo tulimpa sisi waandishi wa programu, na amelitendea haki: katufunza, katutetea, na hakuna aliyesalimika na ulimi wake.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, akajifunza kuandika programu kwa juhudi zake, akatujengea mfumo wa tovuti ambao wagonjwa huutumia kuweka miadi ya kliniki. Ila mfumo wenyewe ulikuwa na madeko. Kwenye kompyuta ya Shangazi uliwaka, kwetu uligoma. Kila mgeni wa idara alikaa kando yake siku kadhaa akiwekewa kila kitu kwa mkono, huku akisemwa. Juu ya kompyuta yake palikuwa na karatasi: USIZIME. Hata mfagizi alipita mbali.

Mwaka jana aliapa kwamba hataondoka na ufundi huo kichwani. Nakala za programu tulikuwa nazo. Namna ya kuiwasha ndiyo hatukuwa nayo, na bila hiyo tusingeweza kurekebisha hata kosa dogo. Akaamua kufungasha programu, hifadhidata na vikorokoro vyake vyote kwenye kontena, yaani kifurushi kimoja kinachowaka vilevile kwenye kompyuta yoyote.

Kwake kikawaka, tukapiga makofi. Kwetu, kimya. Kumbe kontena lilikuwa likichota data kwa siri kutoka hifadhidata ya zamani iliyomo kwenye kompyuta yake. Shangazi alicheka, kisha akanuna, kisha akaagiza kompyuta yake ifutwe yote, ili kontena lisipate pa kuchota tena. Tulimsihi, akatujibu kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Alifuta na kuanza upya, chai ikapoa mezani, na kila kontena lilipogoma alilisema kama anavyotusema sisi. Hatimaye akatuamuru sote tuandike amri moja, na kompyuta zote chumbani zikafungua ukurasa wa miadi. Wengine tulilia, tusifiche.

Asubuhi hii alibandua ile karatasi, akazima kompyuta yake kwa mkono wake. Zetu zikaendelea kuwaka.

Asante, Shangazi. Nenda kapumzike, afya na furaha viwe nawe. Simu yetu ikiita, pokea bila wasiwasi: ni salamu tu.