Veneranda Kokushubila, Aliyekwenda Msibani Linden Falls

Ndugu waombolezaji, mliotoka Wattaya, Mawaleh na kwingineko mkaacha kazi zenu mchana huu, na wewe Belinda unayetusikia kwa simu, dada yetu Veneranda Kokushubila alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akasoma shule ya msingi hapohapo hadi mwaka 1983, akiongoza darasa kwa hesabu na kwa kuongea.

Tarehe 5 Mei 1990 alifunga ndoa na Noel Rwegoshora, wakajaliwa mtoto mmoja, Belinda, na Noel alipofariki, marehemu alikuja hapa Muscat, Oman, Februari 2008, akawa yaya nyumbani kwa Bi Wadha, Mawaleh, akalea watoto wanne wa nyumba ile huku akimsomesha wake, mpaka Belinda akawa muuguzi, akaolewa, akahamia Linden Falls, mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani.

Huko marehemu alikwenda Oktoba 2022 kuwaona wajukuu, akakaa miezi sita, na aliporudi hatukupumua kwa sifa za mji ule: magari husimama mtoto akikanyaga tu ukingo wa barabara, maktaba huwasomea watoto hadithi kila Jumamosi, baiskeli hulala nje na asubuhi zipo. Lakini wiki ya pili tu aliona kwa jirani magari yamejipanga, nguo na vyombo vimetolewa nje kwenye nyasi, akajua pana msiba, akajifunga khanga, akabeba kilo mbili za sukari, akaenda akaketi chini kimya, kumbe mama wa watu, Bi Dorothy, alikuwa anauza vitu asivyovihitaji tena, na wateja wakamzunguka dada yetu wasijue kama naye anauzwa. Tulicheka sana. Baadaye ndipo alipotuambia kwamba nguo zile zilikuwa za mume wa Bi Dorothy, aliyezikwa mwezi uliotangulia, na kwamba tangu mazishi hakuna aliyekuja kukaa naye, kwa hiyo yeye alibaki pale mpaka jioni.

Januari 2025 alianza kuugua, ikathibitika ni saratani ya ini, akamwagiza mdogo wake Elias, ndiye anayesoma historia hii, asimwambie Belinda, kwa kuwa kibali cha ukaazi cha Belinda kilikuwa hakijatoka, akitoka Marekani huenda asirudi kwa watoto wake, na akibaki angelia peke yake katika mji mzuri ambamo watu humwacha mfiwa apumzike. Elias alitii, kila Jumapili akamwambia Belinda kuwa mama anakula vizuri, na leo jambo hilo linamuuma kuliko anavyoweza kusema, anamwomba Belinda msamaha mbele yenu nyote. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bi Wadha na watoto aliowalea, waliopokezana kumuuguza, majirani wa Mawaleh na mayaya wenzake waliompikia uji mpaka siku ya mwisho. Mwili utasafirishwa kesho kwenda Kamachumu. Kabla hatujatawanyika, tunaomba kila mmoja apite hapa mezani penye simu, ataje jina lake, ampe Belinda pole, na asiye na la kusema aketi tu karibu, Belinda asikie kuwa pana watu, maana simu hii haitakatwa leo.

Pumzika kwa amani, dada. Mwanao hatumwachi alie peke yake.