Simu Iliyolia Mara Moja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mniwie radhi, sauti yangu leo ni ndogo, mimi ni mtu aliyechoka. Lakini hata kwa sauti ya uchovu bado nasema: asifiwe!

Jumapili iliyopita mliniona nikitoka mbio katikati ya mahubiri, viatu mkononi. Najua mlisema. Mama mmoja alinisimamisha sokoni Mudzipela akaniuliza, "Mama Neema, neno la Mungu lilikuchoma siku ile, ao ni tumbo?" Ndugu zangu, halikuwa tumbo. Nimeomba nafasi hii ili niseme lilikuwa jambo gani.

Wengi mnajua tulihamia hapa kutoka Butembo. Kazi yangu ni kutunza kompyuta na mitambo ya depo moja ya dawa hapa mjini. Depo hiyo ina chumba cha baridi, na humo tunaweka insulini, dawa ya wagonjwa wa sukari. Ikipata joto, imekufa. Mama yangu mzazi, huyo aliyeketi benchi la pili, anaishi kwa dawa hiyo. Kwa hiyo nikilinda chumba kile, ninamlinda mama.

Tulikuwa na programu ya kutupasha habari za mashine. Kila jambo likitokea, inatuma ujumbe kwenye simu yangu. Kila jambo! Umeme ukikatika, ujumbe. Ukirudi, ujumbe. Printa ikiishiwa karatasi, ujumbe. Na ninyi mnaujua umeme wa Bunia! Simu ililia nikisonga bugali, ililia nikiwa magotini, ililia msibani mpaka shangazi wa marehemu akanitolea macho. Nikachoka, wapendwa. Nikafika mahali pa kuuchukia mlio wa simu hata anayepiga akiwa mtoto wangu.

Siku moja chumba cha baridi kikazima. Ujumbe ulikuja, ndiyo, ulikuja! Lakini ulikuja katikati ya lundo la ujumbe mwingine unaofanana nao, na nilipoufikia dawa zilikuwa zimekwisha kuharibika. Tukazitupa. Wagonjwa walifika mlangoni wakarudishwa, na mama alikuwa mmoja wao. Alilala kitandani, midomo imekauka, akaniambia, "Usilie, mutoto wangu. Weye hauko Mungu." Nililia hata hivyo.

Patron wetu, mwenye depo, akasema tutafute programu nyingine, na kuchagua akaniachia mimi. Wauzaji wakaja. Mmoja alituonyesha ukuta mzima wa rangi, nyekundu, kijani, njano, na mishale inayopanda na kushuka. Patron akafurahi. "Ona vile iko muzuri! Hii inaona kila kitu!" Hicho kila kitu ndicho kilichokuwa kinaniua. Niliomba, na sikujua hata niombe nini. Nilisema tu, Bwana, nimechoka, nionyeshe.

Jibu lilikuja kwa simu, ndugu zangu! Mume wangu ni dereva wa lori, na siku ile alikuwa kwenye njia ya Komanda. Ninyi wenye watu barabarani mnaijua desturi yetu. Hatupigiani simu kwa kila shimo na kila kizuizi. Mtu anapiga akifika, basi. Saa yake ikipita bila kupiga, hapo ndipo tunasimama, tunapiga huku na huku, tunawauliza madereva wengine. Siku ile akapiga, "Mama Neema, nimefika Komanda, niko muzima," akakata. Nikabaki na simu mkononi. Haleluya! Kumbe mashine nazo zingeweza kufanya hivyo! Kila mashine imwambie mwenzake, kompyuta ya kule ofisini, kwamba ni nzima, mimi ziniache. Ikinyamaza, hapo niitwe.

Nikarudi kwa wauzaji na swali moja: mashine ikinyamaza, programu yenu inafanya nini? Yule wa rangi alizungukazunguka. Mwingine, ambaye programu yake ilikuwa maandishi matupu, alijibu kwamba inangoja kidogo, maana huenda umeme umekatika na jenereta bado haijawaka. Kimya kikizidi, inatuma SMS, hata kama intaneti imekatika. Nikachagua hiyo. Patron akaguna. "Lakini hii haina hata rangi! Wageni wakikuja tutawaonyesha nini?" Nikamwambia, "Patron, tutawaonyesha dawa."

Kisha ukaja utulivu, na mimi niliuogopa. Nilikuwa naitikisa simu nikidhani imeharibika. Kupumzika nako kulinishinda, jamani! Taratibu nikazoea.

Ndipo Jumapili iliyopita, mchungaji akiwa hapa anahubiri, simu ikalia mara moja. Chumba cha baridi kimenyamaza. Nikavua viatu, nikakimbia, nikapanda pikipiki. Depo nilikuta jenereta, groupe yetu, inanguruma vizuri, na mlinzi akanipokea akicheka. "Mama, groupe inatumika, kila kitu iko bien." Tukaingia. Swichi ya chumba cha baridi ilikuwa imeshuka yenyewe. Nikaipandisha, nikaweka mkono juu ya maboksi ya insulini. Baridi! Bado baridi, ndugu zangu! Nikapiga magoti pale sakafuni nikalia, na mlinzi akavua kofia yake bila kujua kwa nini.

Sikusimama hapa kusifu programu. Imetengenezwa na watu, ipo siku nayo itashindwa. Namshukuru Mungu aliyenijibu kwa sauti ya mume wangu, akanipa na usingizi. Na wewe uliyechoka kulinda, unayelinda duka, unayelinda mgonjwa, unayengoja mtu aliye safarini, mtegemee Mungu. Mama alisema kweli, mimi siko Mungu. Na neno lile nililolililia siku ile, leo linanipumzisha.

Mume wangu yuko barabarani tena asubuhi hii. Saa yake ya kupiga haijafika, nami nitaimba pamoja nanyi. Mama, simama kidogo watu wakuone. Na mkiniona natoka mbio tena, msiulize habari za tumbo. Niombeeni, kisha mwendelee kuimba.