Kipande cha Picha Kwenye Kona ya Kioo

Zimeni simu, wanangu, mkae chini wote wawili. Wewe mkubwa, kiti kile pale; na wewe dada yake, njoo hapa miguuni pangu, na usimpe kaka yako mgongo, maana nimechoka na hiyo migongo. Leo nasema mimi, na atakayenikatiza nitamkumbuka huko ninakokwenda. Daktari aliwanong'oneza mlangoni akidhani sisikii, lakini mwili ni wangu, najua ulipofika. Pumzi hii iliyobaki nilitaka kuitumia kuwaaga vizuri, kama wanavyoaga watu wengine. Badala yake, jamani, nitaondoka duniani nikizungumzia antivirusi!

Sikilizeni. Ukuta wa chumba hiki na wa studio yetu ya picha ni mmoja, kwa hiyo yote nimeyasikia. Tangu mkubwa asome kwenye simu kwamba antivirusi tunayoitumia imekutwa na kasoro, kwamba mwizi anaweza kupitia kwenye kinga yenyewe akaingia ndani ya mashine, hiyo kompyuta ya studio, nyumba hii haijatulia. Mkubwa anasema tuihame leo leo. Dada mtu anasema hatuhami, tumeizoea, na hizo nyingine nani kazikagua? Mwanzo mlibishana kama watu. Kisha mkanuniana, na sasa ni "Mama, mwambie mwanao asiguse mashine," na "Mama, mwambie binti yako asome habari." Mnafanya kazi chumba kimoja, mnapishana mlango mmoja, halafu mnakuja kwa mgonjwa kumpa ujumbe ampelekee mwenzake. Mmenifanya tarishi kitandani!

Na wewe mkubwa, ukaona maneno hayatoshi, ukapakia antivirusi mpya bila kuitoa ya zamani. Mbili ndani ya mashine moja, kila moja ikamwona mwenzake ndiye kirusi, zikakamatana mashati humo ndani mpaka kioo kikaganda, na bibi harusi wa watu amekaa mbele ya pazia na shela lake, poda inamtiririka shingoni. Ulipoitoa hiyo mpya, ulimwomba radhi bibi harusi. Dada yako hukumwomba. Ukaja hapa ukaniambia, "Mama, tugawane, kila mtu afungue studio yake."

Mgawane nini? Semeni nisikie. Kamera ya marehemu baba yenu mnaweza kugombania, mapazia mnaweza kuyachana katikati, na kile kiti cha kuzunguka, mmoja achukue miguu na mwingine makalio. Lakini picha zimo ndani ya mashine ile, za mtaa mzima, watu waliokuja kwetu wakiwa watoto wa kubebwa wakarudi kuoa. Yule fundi viatu wa pale kona, mnajua kwamba nyumba yake iliungua na kila kilichokuwemo. Uso wa mkewe aliyefariki umebaki kwetu tu. Kila picha aliyonayo ikichakaa, anakuja namchapia nyingine, anaishika kwa ncha za vidole asiichafue kwa gundi. Mimi nilimwahidi kwamba uso ule hautapotea. Mwizi akiingia kwenye mashine akazifunga picha zote zisifunguke tena, mtakwenda nyinyi kumweleza nani alikuwa na haki katika ubishi wenu?

Nipeni maji. Kidogo tu. Haya.

Sasa niwaambie nilichokiona. Siku ile niliyowaomba mnibebe mkanikalishe studio, mlidhani nimekwenda kuiaga. Nilikwenda kuitazama hiyo antivirusi kwa macho yangu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ananiletea habari nusu. Mlipotoka kwenda kupokea wateja, nikavaa miwani. Nikaona pale chini, kwenye kona ya kioo, kipande cha karatasi kimebandikwa kwa selotepu. Nikakibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na maneno: sasisho la usalama lipo tayari, bonyeza hapa, au bonyeza Baadaye. Nikasoma maelezo yake taratibu, mstari kwa mstari. Lile tundu mnalouana kwa ajili yake, wenye programu walishalitangaza wenyewe na kuliziba zamani. Dawa imekaa pale konani inapiga hodi, na nyinyi, kwa kuwa inawazibia kioo mnaposafisha picha, mmeibandikia karatasi! Mmoja anataka kuhama nyumba, mwingine anaapa hahami, na hakuna aliyefungua mlango. Ya Rabi, hivi nilizaa watu wa namna gani?

Na sitaki kujua nani alibandika. Kimekatwa kwa mashine yetu ya kukatia picha za pasipoti, kingo zimenyooka, na wote wawili niliwafundisha kukata mimi. Nikakigeuza. Nikajikuta najitazama mwenyewe. Ni ile picha yangu iliyoharibika, niliyofumba macho. Nililia, sikatai. Nikacheka, nikalia tena.

Basi kuhusu kuhama au kutohama, hukumu yangu ni hii, na msije mkaipindisha nikishafukiwa. Antivirusi ili ikague kila chumba lazima ipewe funguo za kila chumba, ndiyo maana tundu lake ni la kuogopwa; hapo mkubwa umesema kweli na dada yako alikosea kukubeza. Lakini hakuna programu isiyo na tundu, hata hiyo mpya unayoipigia debe itakutwa na lake. Hapo binti umesema kweli. Cha kutazama ni mwenye nayo. Akiona kosa anasema? Anaziba haraka? Basi kaeni naye, na akiwaita muitike. Siku akificha, au akachelewa, au akaacha kabisa kuishughulikia, hameni bila kunililia. Na mkihama, msihame kama yule wa duka la dawa mtaa wa pili, aliyesikia habari kama hizi akang'oa kinga yote, akakaa wazi mtandaoni huku anachagua nyingine, mpaka faili zake zikafungwa na watu asiowajua. Andaeni mpya kwanza, mkate mtandao, mtoe ya zamani, muweke mpya, ndipo mfungue.

Studio ni yenu wote na haigawanywi. Mkubwa atashika mashine. Binti atashika diski ya nje, picha zote zinakiliwe humo kila wiki, kisha ichomolewe ikae kabatini kwake, isiachwe imechomekwa kama bomba la maji. Mashine ikiharibika, mkubwa atamhitaji dada yake. Diski bila mashine haimfai dada chochote. Ndivyo nilivyopanga, na nimepanga makusudi.

Sasa ileteni. Ndiyo, mashine yenyewe, hapa hapa kwenye meza ya dawa. Sisubiri kesho... Mkubwa, shika huo waya. Binti, msogezee kaka yako hizo chupa. Polepole. Haya, imewaka. Bonyezeni. Siyo hiyo Baadaye... hiyo nyingine. Ahaa.

Wacha niegemee. Hapana, msiite daktari, mtazame kioo.

Radhi zangu mnazo, wote wawili, sawa kwa sawa. Mungu awape riziki ya halali na macho ya kuona yaliyo mbele yenu. Mnizike karibu na baba yenu. Na picha ya msibani... jamani, wekeni ile niliyofumbua macho. Fundi viatu mumchapie mkewe kubwa, ya kutundika ukutani. Mwambieni ni mimi nimesema.

Imefika wapi? Sioni vizuri... miwani imeniponyoka. Inasema nini? Inataka kuzimwa iwashwe upya? Basi yenyewe ina bahati, mimi nikizima siwaki... Msilie. Nimetania.

Binti, umeona nini hapo? Sema. Hapana... usiniambie mimi.

Mwambie kaka yako.